Asili ya Neno Dutch: Kutoka Lugha ya Umma Hadi Jina la Taifa

Neno Dutch katika Kiingereza cha leo humtaja Mholanzi, lugha yake, au kitu chochote cha Uholanzi. Maana hiyo ina umri wa miaka mia nne hivi. Kabla yake neno hilo lilimtaja Mjerumani na Mholanzi kwa pamoja, bila kuwatenganisha. Na ukirudi nyuma zaidi, halikuwa jina la kabila wala la nchi yoyote. Lilikuwa kivumishi chenye maana ya "-a watu", na kilichoitwa "cha watu" kilikuwa lugha: ile ya nyumbani, sokoni na kambini, isiyo Kilatini cha makasisi na makarani. Katika shina hilo hilo Wajerumani walipata jina lao, Deutsch. Waitalia wakapata tedesco, yaani Mjerumani. Wadenmarki na Waswidi wakapata tysk, kwa maana hiyo hiyo. Na pwani ya Afrika Mashariki ikapata Mdachi. Kwa hiyo Dutch ya Kiingereza na Mdachi ya Kiswahili ni maneno ya ukoo mmoja, ingawa la kwanza ni Mholanzi na la pili ni Mjerumani. Waliowatenganisha ni watawala, mikataba na vita, na hatua za utengano huo zinaweza kufuatwa karne kwa karne.

Shina lenye maana ya watu

Kiingereza, Kijerumani, Kiholanzi, Kidenmarki, Kiswidi na jamaa zake huitwa lugha za Kigermaniki. Zote zilitokana na lugha moja ya kale ambayo haikuacha vitabu. Kwa kulinganisha maneno ya lugha zilizoandikwa baadaye, wanaisimu wamerejesha katika lugha hiyo mama neno þeudō, lenye maana ya watu wa jamii moja, kabila, umma. Herufi þ hutamkwa kama th ya "thelathini". Katika Kiingereza cha Kale neno hilo lilikuwa þeod. Katika Kigothi, þiuda. Katika Kiaislandi lipo hadi leo, þjóð, na maana yake ni taifa.

Shina hilo lina ndugu hata nje ya lugha za Kigermaniki, ndani ya familia pana ya Kihindi-Kiulaya. Katika Kiayalandi cha Kale, túath lilikuwa kabila au jimbo dogo lenye mfalme wake. Katika Kilithuania na Kilatvia, tauta ni taifa au watu. Kwa hiyo dhana ya "watu wetu" ilikuwa na jina lake karne nyingi kabla ya kuwako dola yoyote ya Kiingereza, ya Kijerumani au ya Kiholanzi.

Shina hilo limeacha alama pia katika majina. Theodoric, mfalme wa Wagothi wa Mashariki aliyeitawala Italia kuanzia mwaka 493 hadi kufa kwake mwaka 526, alikuwa na jina lenye maana ya "mtawala wa watu". Dietrich la Kijerumani ni jina hilo hilo. Theodore ni habari nyingine kabisa, kwa kuwa hilo ni la Kigiriki na maana yake ni "zawadi ya Mungu". Nchini Uingereza, mji wa Thetford katika jimbo la Norfolk ulipewa jina kwa kivuko cha mto kilichokuwa cha umma: þeod na ford, yaani kivuko cha watu.

Kutoka nomino þeudō kiliundwa kivumishi kwa kuongeza kiambishi ambacho Kiingereza bado kinakitumia katika English na Spanish. Ushahidi wa kwanza wa kivumishi hicho unatoka karne ya 4, katika Biblia ya Kigothi ya askofu Wulfila. Katika Waraka kwa Wagalatia, pale Paulo anapomkemea Petro kwa kuwalazimisha Mataifa wafuate desturi za Kiyahudi, hali yeye mwenyewe huishi kwa desturi za Mataifa, Wulfila alitafsiri neno la Kigiriki kwa þiudisko. Hapo "-a watu" lina maana ya "-a watu wasio Wayahudi", sawasawa na Biblia ya Kiswahili inavyolitumia neno Mataifa kwa wasio Wayahudi.

Lugha ya watu mbele ya Kilatini

Historia yenyewe ya Dutch kama jina inaanza katika karne ya 8, na inaanza kanisani. Mwaka 786, George, askofu wa Ostia, alitumwa na Papa Hadrian I kwenda Uingereza kusimamia mikutano miwili ya viongozi wa Kanisa. Katika taarifa yake kwa Papa alieleza kuwa maazimio yalisomwa kwa Kilatini na pia theodisce, ili wote waliohudhuria wapate kuelewa. Huo ndio ushahidi wa kwanza unaojulikana wa neno hilo likiwa limevaa vazi la Kilatini, theodiscus. Waliokuwa wakisomewa walikuwa Waingereza, na lugha iliyoitwa hivyo ilikuwa Kiingereza cha Kale. Neno ambalo leo Mwingereza hulitumia kwa jirani yake wa ng'ambo ya bahari lilionekana kwa mara ya kwanza likitaja lugha ya Waingereza wenyewe.

Miaka miwili baadaye neno hilo liliingia mahakamani. Mwaka 788, Tassilo, mtawala wa Bavaria, alishtakiwa huko Ingelheim mbele ya Karolo Mkuu kwa kosa la kuliacha jeshi la mfalme vitani. Mwandishi wa kumbukumbu za kifalme aliandika kwa Kilatini, lakini alipofika kwenye jina la kosa alieleza kuwa kwa lugha ya theodisca huitwa harisliz, yaani kujitenga na jeshi. Baraza lililomhukumu lilikuwa na Wafaranki, Wabavaria, Walombardi na Wasaksoni. Makundi hayo yalikuwa na sheria zake na fahari zake, na hakuna lililojiita kwa jina la theodiscus. Kilichoitwa hivyo kilikuwa usemi wao tu.

Mwaka 813, mkutano wa Kanisa uliofanyika Tours uliagiza mahubiri yafasiriwe katika lugha ya Kirumi ya mashambani au katika theotisca, ili kila mtu aelewe kinachosemwa. Agizo hilo linaonyesha kuwa dola ya Wafaranki ilikuwa na pande mbili za lugha. Upande mmoja watu walisema lugha iliyotokana na Kilatini, iliyokuja kuwa Kifaransa; upande wa pili walisema lahaja za Kigermaniki. Mgawanyo huo ulionekana wazi tarehe 14 Februari 842 huko Strasbourg. Ndugu wawili, Ludwig na Karolo, wajukuu wa Karolo Mkuu, walikula kiapo cha kusaidiana dhidi ya kaka yao Lothar. Kila mmoja aliapa kwa lugha ya jeshi la mwenzake ili askari wa upande wa pili wamsikie na kumwelewa: Ludwig kwa Kirumi, Karolo kwa teudisca. Nithard, binamu yao, aliviandika viapo vyote viwili neno kwa neno. Cha Kirumi ndicho andiko la kale kuliko yote katika lugha inayohesabiwa kuwa Kifaransa.

Kutoka lugha hadi wenye lugha

Lugha ikishapewa jina, wenye lugha hawachukui muda mrefu kuitwa kwa jina hilo. Mwaka 1000 hivi, mtawa Notker wa St. Gallen, aliyewafasiria wanafunzi wake vitabu vya Kilatini, alitumia umbo diutisk kwa lugha aliyofasiria. Kufikia mwisho wa karne ya 11, katika utenzi wa Kijerumani uitwao Annolied, neno hilo lilikuwa limeanza kuwataja watu na nchi. Wakati huo huo makarani wa Kilatini waliliacha umbo theodiscus, wakaandika teutonicus mahali pake. Teutones walikuwa kabila la zamani lililoshindwa na jemadari wa Kirumi Marius mwaka 102 kabla ya Kristo, na kufanana kwa sauti kulitosha kuwapa watu wa karne ya 11 mababu wa kale wenye sifa ya vita.

Neno hilo lilikuwa na mpinzani wake. Waliosema theodisc waliwaita majirani wao wa lugha za Kirumi na Kikelti kwa neno jingine, walh, lenye maana ya mgeni, hasa mgeni wa lugha. Kwa Waingereza likawa Welsh na Wales, jina la watu wanaojiita wenyewe Cymry, yaani wananchi wenza. Huko Ubelgiji likazaa Walloon, na katika nchi za Balkani Vlach. Majina hayo mawili yalikwenda pamoja: wanaoeleweka walikuwa "watu", na wasioeleweka walikuwa "wageni". Wanaisimu huhusisha na shina hilo hilo la watu kitenzi cha Kijerumani deuten, kufasiri, na kivumishi deutlich, dhahiri. Maana ya msingi ingekuwa kufanya jambo lieleweke na umma.

Waslavi waliliona jambo hilo kutoka upande wa pili. Wao walimwita Mjerumani kwa neno linalohusishwa na ububu, kwa kuwa hawakuuelewa usemi wake. Neno hilo lilipita kwa Waturuki hadi kwenye Kiarabu, ambamo nchi ya Austria bado huitwa an-Nimsa. Wafaransa walichukua jina la kundi moja tu lililokuwa karibu nao, Alemanni wa bonde la juu la mto Rhine, wakalipa taifa zima. Ndiyo asili ya Allemagne ya Kifaransa na Almania ya Kiarabu. Jina Alemanni lenyewe kwa kawaida hufasiriwa "watu wote".

Neno linavuka bahari

Katika Uingereza, þeod na kivumishi chake vilififia baada ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Dutch ya leo haikushuka moja kwa moja kutoka Kiingereza cha Kale. Ni neno la mkopo lililoingia mwishoni mwa karne ya 14 kutoka bandari na masoko ya nguo ya Flanders, Brabant na Holland, ambako watu waliita lugha yao dietsc au duutsc kulingana na jimbo. Jacob van Maerlant, mshairi mkubwa wa Flanders wa karne ya 13, aliiita lugha yake hivyo. Wafanyabiashara wa sufu walilisikia neno hilo kila siku, wakarudi nalo nyumbani.

Maana ya mkopo huo ilikuwa pana. Dutch ilikuwa lugha yoyote ya bara yenye asili ya Kigermaniki, kuanzia pwani ya Bahari ya Kaskazini hadi milima ya Alps. Aliyetaka kutofautisha alisema High Dutch kwa ile ya nyanda za juu za kusini, na Low Dutch kwa ile ya nchi tambarare za pwani. Juu na chini hapo ni habari ya ardhi. Hakuna cheo ndani yake.

Mashahidi wawili wanaonyesha upana huo. Wa kwanza ni William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa Uingereza, aliyekuwa ameishi miaka mingi Bruges na miji ya jirani kama mfanyabiashara. Mwaka 1490, katika dibaji ya kitabu chake cha hadithi ya Aeneas, alisimulia kuwa mkuu wa watawa wa Westminster alimwonyesha hati za Kiingereza cha zamani ili azigeuze kwa Kiingereza cha wakati wake. Caxton aliziona zinafanana zaidi na Dutch kuliko Kiingereza, akashindwa kuzisoma. Mtu aliyezijua lugha zote mbili alikuwa ameugusa undugu wa kale wa Kiingereza na lugha za bara. Shahidi wa pili ni Biblia ya Miles Coverdale ya mwaka 1535, Biblia nzima ya kwanza kuchapishwa kwa Kiingereza. Ukurasa wake wa jina ulitangaza kuwa imetafsiriwa kutoka Dutch na Kilatini. Dutch hiyo ilikuwa Kijerumani: Coverdale alitegemea kazi ya Martin Luther na Biblia ya Zürich. Msomaji wa leo asiyejua historia ya neno angedhani alikuwa na Biblia ya Kiholanzi mezani.

Dola mpya na maana finyu

Kilichoibana maana ya Dutch ni kuzaliwa kwa dola. Mwaka 1579 majimbo ya kaskazini ya Nchi za Chini yaliungana kwa Mkataba wa Utrecht dhidi ya mfalme Philip II wa Hispania, na mwaka 1581 yalitangaza kumkana. Baada ya vita virefu, Mkataba wa Münster wa mwaka 1648 uliyatambua kuwa nchi huru. Kwa Waingereza dola hiyo ilikuwa mshirika, kisha mshindani wa biashara, kisha adui wa baharini. Dutch waliokutana nao kila siku, kwenye meli, masokoni na katika mabaraza ya mikataba, walikuwa hao. Kuanzia mwaka 1600 hivi neno lilizidi kuwaelekea wao peke yao. Nafasi iliyobaki wazi ilijazwa na German, neno la Kilatini tangu enzi za Julius Caesar, lililokuwa likienea katika Kiingereza wakati wa karne ya 16.

Waholanzi wenyewe walikwenda njia nyingine. Mwaka 1584 chama cha washairi cha Amsterdam kilichapisha Twe-spraack, kitabu cha kwanza cha sarufi ya lugha yao kupigwa chapa, na jina lake kamili liliiita lugha hiyo Nederduits, yaani Duits ya chini. Jina hilo liliendelea kutumika karne mbili na zaidi, likishindana na Nederlands, lugha ya Nchi za Chini. Baada ya ufalme wa Uholanzi kuundwa mwaka 1815, Nederlands lilishinda, na Duits likabaki kuwa Mjerumani. Kwa hiyo leo hakuna Mholanzi anayejiita kwa jina ambalo Waingereza humwita. Walioliacha jina ni wenyewe, na waliolishika ni majirani.

Masalia yapo. Wilhelmus, wimbo wa taifa wa Uholanzi uliotungwa katika karne ya 16, unalo neno Duits katika ubeti wa kwanza, likiwa na maana yake pana ya zamani. Nchini Afrika Kusini, ambako Kampuni ya Kiholanzi ya Mashariki ya Uhindi ilianzisha kituo mwaka 1652, kanisa kubwa la Wakalvini wenye asili ya Kiholanzi bado huitwa kwa Kiafrikana Nederduitse Gereformeerde Kerk. Kwa Kiingereza huitwa Dutch Reformed Church. Majina yote mawili yana shina moja, ila moja linalibeba kwa maana ya karne ya 16 na jingine kwa maana ya leo.

Jina Holland lina historia yake. Lilitokana na holt na land, ardhi ya miti, na ni la jimbo moja la zamani, ambalo tangu mwaka 1840 limegawanywa kuwa Holland Kaskazini na Holland Kusini. Nchi nzima ina majimbo 12. Utajiri wa Amsterdam na Rotterdam ndio ulioufanya ulimwengu uichukue sehemu kuwa jina la nzima, na Kiswahili, katika Mholanzi na Uholanzi, kiliupokea mtindo huo kwa umbo linalolingana na holandês ya Kireno. Kuanzia mwaka 2020 serikali ya nchi hiyo iliacha kutumia Holland katika kujitangaza nje, ikashika jina rasmi la Netherlands.

Vita na misemo

Kati ya mwaka 1652 na 1674, Uingereza na Uholanzi zilipigana vita vitatu vya baharini. Mwezi Juni 1667, meli za jemadari Michiel de Ruyter ziliingia katika mto Medway, zikachoma meli za Waingereza karibu na Chatham, na kuikokota hadi Uholanzi Royal Charles, meli iliyobeba jina la mfalme. Pambo la nyuma ya meli hiyo bado limo katika jumba la makumbusho la Rijksmuseum mjini Amsterdam.

Uhasama huo uliacha mazoea ya kulitumia jina la jirani kwa kejeli, na mazoea yakadumu baada ya vita kwisha. Ushujaa unaoletwa na pombe ukaitwa wa Kidutch. Maneno yasiyoeleweka yakaitwa Dutch maradufu. Mjomba wa Kidutch akawa mtu anayekukaripia bila kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Na karamu ambayo kila mtu hujilipia ikapewa jina hilo pia. Misemo mingine ilizuka Marekani katika karne ya 19, ambako mara nyingi Dutch aliyekusudiwa alikuwa mhamiaji wa Kijerumani. Si yote ni matusi. Mnada wa Kidutch, ambao bei huanzia juu na kushuka hadi mnunuzi wa kwanza akubali, ni utaratibu halisi, na ndio unaojulikana katika soko la maua la Aalsmeer.

Marekani: maana ya zamani yasalia

Wahamiaji wa Kijerumani walianza kufika Pennsylvania kwa makundi mwaka 1683, ilipoanzishwa Germantown karibu na Philadelphia. Wengi zaidi walifuata katika karne ya 18, hasa kutoka nchi za bonde la Rhine. Wazao wao huitwa Pennsylvania Dutch, na lugha yao, ambayo jumuiya za Waamish huizungumza hadi leo, wenyewe huiita Deitsch.

Maelezo yanayosikika mara kwa mara ni kwamba Wamarekani walisikia Deitsch au Deutsch vibaya wakatamka Dutch. Historia ya neno haiungi mkono dhana hiyo. Wahamiaji walipofika, maana pana ya Dutch ilikuwa bado haijafa miongoni mwa wasemaji wa Kiingereza, na mtu wa nchi za Rhine alikuwa Dutch kwao kwa haki zote. Kilichotokea ni kwamba matumizi ya Uingereza yaliendelea kubanwa, huku Pennsylvania ikihifadhi yale ya zamani.

Wadachi wa pwani

Pwani ya Afrika Mashariki ililipokea neno hili kwa kuchelewa, na kwa maana ya Kijerumani. Mwaka 1888 kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki ilipojaribu kuchukua utawala wa miji ya pwani ya Mrima kutoka mikononi mwa maofisa wa Sultani wa Zanzibar, watu wa Pangani na miji mingine waliinuka. Abushiri bin Salim al-Harthi, kiongozi mmojawapo wa upinzani huo, alinyongwa Pangani mwezi Desemba 1889. Hemedi bin Abdallah bin Said al-Buhriy alivitungia vita hivyo utenzi, na jina la utenzi huo ni ushahidi wa matumizi ya wakati ule: Utenzi wa Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima, 1307 A.H. Mwaka huo wa Hijria ulianza Agosti 1889.

Mdachi kwa kawaida huhusishwa na Deutsch, ingawa irabu yake iko karibu na matamshi ya Dutch. Njia zote mbili zinaishia kwenye kivumishi kile cha kale cha þeudō, na katika kinywa cha Mswahili wa karne ya 19 maana ilikuwa moja: Mjerumani. Mholanzi alikuwa na jina lake tayari. Baadaye Mjerumani, neno lenye asili ya Kilatini lililoenea pamoja na Kiingereza, lilichukua nafasi ya kwanza, na Mdachi likabaki katika tenzi, masimulizi ya wazee na vitabu vya historia.

Kuna kitu kidogo kinachokusanya majina haya mahali pamoja: pesa moja ya shaba iliyotolewa na kampuni hiyo mwaka 1890. Upande mmoja una tai wa Dola ya Ujerumani akizungukwa na jina la kampuni, Deutsch-Ostafrikanische Gesellschaft. Upande wa pili una maandishi ya Kiarabu yanayoitaja kampuni ya Almania, pamoja na mwaka 1307. Aliyeipokea dukani Pangani au Bagamoyo alishika mkononi jina ambalo Wajerumani hujiita, na jina ambalo Waarabu waliwapa kupitia Alemanni, huku yeye mwenyewe akiwaita wenye pesa Wadachi.

Japani ina mfano unaofanana sana na huu. Ujerumani huko huitwa Doitsu, kutoka Duits ya Waholanzi waliofanya biashara katika kisiwa cha Deshima, Nagasaki, tangu mwaka 1641. Na Uholanzi huitwa Oranda, kutoka Holanda ya Kireno. Wajapani na Waswahili hawakuazimana majina hayo. Walikutana na wageni wale wale kwa mfuatano ule ule: Mreno kwanza, wengine baadaye.

Majina yenye maana ya watu

Jamii kujiita kwa neno lenye maana ya watu si jambo la Ulaya peke yake. Inuit wa nchi za barafu za kaskazini maana yake ni watu. Jina Bantu lilienezwa katika elimu ya lugha na Wilhelm Bleek, mzaliwa wa Berlin, katika sarufi yake linganishi ya mwaka 1862, kutokana na shina -ntu na kiambishi cha wingi ba-. Ni shina lile lile la mtu na watu katika Kiswahili. Mswahili, kwa upande wake, ana jina la mahali, kutoka neno la Kiarabu la pwani. Na hata taifa, neno ambalo Kiswahili hulitumia kwa dhana yenyewe, lilikuwa katika Kiarabu kundi au sehemu ya watu kabla ya kuwa nchi yenye bendera.

Mambo matatu yanajitokeza katika historia ya Dutch. La kwanza ni kwamba lugha ilipata jina kabla ya watu, na watu kabla ya dola. La pili ni kwamba maana ya jina hufuata mikutano ya watu: Mwingereza alilibana kwa aliyemkuta baharini, Mmarekani wa Pennsylvania alilishika kwa aliyemkuta shambani, na Mswahili alilipokea kwa aliyekuja kumtawala. La tatu ni kwamba jina la taifa halithibitishi asili ya damu. Askofu wa Ostia aliliandika kwa usemi wa Waingereza, na leo wasemaji wa Kiingereza hulitumia kwa Waholanzi.

Kwa mfasiri na mwanafunzi wa historia, matokeo ya vitendo ni haya. Anayekutana na Dutch katika maandiko ya Kiingereza ya kabla ya mwaka 1600 asikimbilie kuandika Mholanzi. Aangalie kwanza kama aliyekusudiwa ni Mjerumani au watu wa nchi zote mbili. Katika habari za Pennsylvania, tafsiri sahihi ni Wajerumani wa Pennsylvania. Katika maandiko ya Uingereza ya baada ya katikati ya karne ya 17, Mholanzi linatosha mara nyingi. Na anayefasiri tenzi za Mrima kwa Kiingereza asiandike Dutch anapokutana na Wadachi, kwa sababu waliopigana na Abushiri walikuwa Wajerumani.